Kofia kichwani, kofia mkononi: miaka miwili ya kujifunza kuvaa pama

Daktari alipomaliza kunitoa nyuzi alikigeuza kichwa changu taratibu kuelekea dirishani, akaitazama kazi yake, akasema: "Kuanzia leo jua lisilione kovu hili. Tafuta kofia."

Nilikuwa na miaka 43, na sikuwa nimevaa kofia tangu utotoni. Nywele zilianza kupungua utosini nikiwa bado kijana, nami sikujali. Nilinyoa, nikapaka mafuta, nikatembea juani kichwa wazi miaka yote hiyo. Kidonda kilichoota kuelekea kisogoni nilikidhania chunusi isiyotaka kupona. Kilipokatwa na kupelekwa maabara, jibu lilirudi kwamba ni saratani ya ngozi, ila imewahiwa mapema. Nimepona, namshukuru Mungu. Lakini siku ile hakuna aliyeniambia kwamba kofia ina adabu zake, na kwamba mwanamume anayeanza kuivaa ukubwani hujifunzia adabu hizo mbele za watu. Ningeambiwa mapema, ningeepuka mengi.

Kosa la kwanza nililifanya dukani. Daktari alitaka kofia yenye ukingo kuzunguka pande zote, sentimita 7 au 8 hivi, kwa kuwa kapelo hufunika paji la uso na kuyaacha masikio na shingo. Yaani pama. Aliniambia pia kwamba nikichagua ya majani niinue kwanza niitazame kwenye mwanga. Nikiona vitundu, jua nalo litapitia humo humo. Hayo niliyafuata. Ila habari ya kipimo sikuuliza, wala muuzaji hakuitaja. Nilijaribu moja ya felti ya kijivu, nikajiona nimependeza kwenye kioo, nikalipa karibu robo ya mshahara wangu wa mwezi. Nusu saa baadaye kichwa kilikuwa kinagonga. Jioni nilipoivua, utepe wa ngozi wa ndani ulikuwa umenichora mstari mwekundu kuzunguka kichwa kizima, na kwa nyuma mstari huo uligusa ncha ya kovu.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kichwani upana wa kidole juu ya masikio, upite katikati ya paji la uso na juu ya kile kivimbe cha kisogo. Sentimita utakazopata ndiyo namba ya kofia yako. Mimi ni 58, na nilikuwa nimenunua 56. Kipimo kikiangukia kati ya namba mbili, chukua kubwa, halafu chomeka ukanda mwembamba wa sponji nyuma ya ule utepe wa ngozi. Kofia inayokutosha hupitisha kidole kimoja kati yake na paji la uso bila kusukumana. Ile ya 56 haikurudishika kwa kuwa nilishaivaa. Niliirudisha kwenye boksi lake, nikaliweka juu ya kabati, nikajinyima mwezi uliofuata hadi nikapata nyingine.

Wiki ya pili nikiwa na pama inayonitosha, mfanyakazi mwenzangu alifiwa na baba yake. Nilikwenda mazikoni. Jua lilikuwa kali. Nilisimama kwenye mstari wa wanaume kando ya njia, kofia kichwani, mikono nimeifumbata mbele, nikiamini kabisa kwamba nimesimama kwa heshima. Jeneza likapita. Nilipoinua macho niliona vichwa: vyenye vipara, vyenye mvi, vyenye nywele nyeusi, vyote wazi, kushoto kwangu na kulia kwangu. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanisogelea sikioni. "Msindikize marehemu kichwa wazi, kijana wangu," alisema kwa sauti ya chini sana. Hakuwa na ukali wowote. Nilishtuka, nikaikwapua kofia kwa kuishika juu, na ukingo ukanikwangua kovu. Machozi yalinitoka. Waliokuwa karibu walidhani ni ya msiba.

Siku chache baadaye nilimfuata mwenzangu kumwomba radhi. Nilitarajia ataniambia kwamba hakuona. Akasema, "Niliiona. Nikajua una haraka ya kuondoka."

Nimesoma mengi juu ya kofia tangu siku ile, na hakuna kilichonifundisha kuliko maneno hayo. Kofia ni vazi la njiani. Ukibaki nayo kichwani mbele ya mtu, unamwambia kwamba unapita. Ukiivua, anajua umefika na uko naye. Nilipolielewa hilo, kanuni zilizokuwa kama mafumbo kwangu zilijipanga zenyewe. Barabarani, stesheni, madukani, kwenye korido za jengo la ofisi, wote tunapita, kwa hiyo kofia inabaki. Sebuleni kwa mtu, mezani, darasani, mahakamani, ofisini mwa mtu ukishakaribishwa kiti, hapo umefika, kofia inatoka. Baadhi ya vituo vya benki huomba wateja wavue kofia na miwani ya jua kwa ajili ya kamera. Hilo ni suala la usalama, timiza tu bila ubishi. Lifti iliwasumbua hata waandishi wa vitabu vya adabu vya zamani, ambao wengine walitenganisha lifti ya jengo la makazi na ile ya jengo la ofisi. Mimi huivua kila lifti inapojaa, kwa sababu ukingo wa sentimita 8 unamfika jirani machoni.

Yule mzee wa mazikoni nilimtafuta. Alikuwa amevaa kofia zaidi ya miaka hamsini na hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote juu yake. Alinikalisha sebuleni kwake, akaichukua kofia yangu, akaanza kunionyesha kwa mikono yake, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwanza namna ya kuishika. Unaishika ukingo mbele na nyuma kwa mikono miwili, unainyanyua moja kwa moja juu. Kile kichwa cha kofia, penye bonde, si kishikio, kwani ukikibana kila siku felti hulegea na mwisho hupasuka pale pale vidole vinapokaa. Kisha alinionyesha namna ya kuibeba. Mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru kusalimia, na ndani ya kofia kuelekee mwilini mwako. "Humo ndani mna jasho lako," aliniambia. "La nini kumwonyesha mtu?" Ukiiweka mezani, ilaze kichwa chini na ukingo juu. Ukiilaza juu ya ukingo wake, siku moja utaamka uukute umenyooka upande mmoja na kuinama upande mwingine.

Kitandani hakuiweka. Alisema ni nuksi, na hakutaka kunieleza zaidi. Baadaye niligundua kwamba Waitalia wengi na wachunga ng'ombe wa Marekani huamini hivyo hivyo. Mimi siamini nuksi ya kofia, lakini nikiwa nyumbani kwa mtu siiweki kitandani, kwa sababu sijui yeye anaamini nini.

Kwapani usiibane hata kidogo. Nilifanya hivyo mwezi mzima kabla mzee hajaniona, na ukingo wa upande wa kulia haujarudi sawasawa mpaka leo.

Salamu zina ngazi zake. Unayepishana naye, gusa ukingo kwa vidole na uendelee. Unayemheshimu zaidi, inyanyue kidogo na uirudishe. Wazee waliozoea kofia huinyanyua kwa mkono ulio mbali na anayesalimiwa, ili uso usizibwe na kiganja. Mkisimama kuzungumza, ivue. Hapa nilipitiliza. Nilikuwa nimeingiwa na hofu ya kukosa adabu kiasi kwamba siku moja nilikutana na mwalimu wangu wa zamani njiani saa saba mchana, nikavua, tukazungumza dakika arobaini. Usiku kovu lilikuwa jekundu na la moto. Daktari alinikaripia kweli kweli, na alikuwa na haki. Siku hizi navua, nasalimu, kisha nasema, "Mwalimu, tusogee kivulini." Hakuna aliyewahi kukataa kivuli. Pakikosekana kivuli namwambia wazi kwamba nimekatazwa jua kichwani, naomba radhi, naivaa.

Mara moja kofia ilinikosesha kazi ya ziada, nami nina hakika na hilo ingawa sikuambiwa. Nilikutana na mteja mgahawani, meza ya nje, mwavuli juu yetu. Nilijihesabia kwamba tuko nje, kwa hiyo kofia inabaki. Mtu yule alizungumza nami huku akiinamisha shingo kila mara. Nilidhani ana maumivu. Nilikuwa njiani kurudi nilipoelewa kwamba alikuwa anayatafuta macho yangu chini ya ukingo. Tangu hapo mezani navua, iwe ndani au nje. Na unapokuwa umeivaa mbele ya mtu unayezungumza naye, isukume nyuma kidogo, uache upana wa vidole viwili juu ya nyusi, akuone.

Ukumbini ni rahisi. Aliye nyuma yako amekuja kutazama jukwaa, ivue hata kama hajalalamika. Iweke gotini. Usiiweke kwenye kiti cha jirani. Mimi niliiweka, akaja bwana mmoja mnene akaikalia wakati wa hotuba, akaomba radhi mara tatu, na kosa lilikuwa langu.

Kwenye wimbo wa taifa, mwanamume asiyekuwa katika sare huvua na kusimama wima. Kwa Wamarekani jambo hili limeandikwa hata kwenye sheria: kofia hushikwa kwa mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, mkono ukiwa juu ya moyo. Wenye sare za jeshi au polisi wana taratibu zao wenyewe, tusiwahukumu kwa zetu.

Niseme neno kwa wavaa kapelo, kwa sababu wengi hudhani haya ni mambo ya pama za wazee. Kapelo ni kofia. Kofia ya sufu ya baridi ni kofia pia. Kuigeuza kapelo ikatazama nyuma si kuivua. Nimewaona vijana wazuri, wenye heshima zao, wakinyimwa tabasamu kwenye usaili kwa sababu ya kitambaa kile kidogo ambacho hata wao walishasahau kwamba wanacho kichwani.

Nilipoanza kusoma historia nilikuta kwamba watu wameadhibiwa kwa ajili ya kofia. Uingereza ya karne ya 17, kumvulia kofia mkubwa wako lilikuwa jambo lisilo na mjadala, na Waquaker, kundi la Wakristo, walikataa. Walisema wanamvulia Mungu peke yake, katika sala. Mwaka 1670 William Penn na mwenzake William Mead walishtakiwa London kwa kuhubiri barabarani. Waliingizwa mahakamani wakiwa wamevuliwa kofia na ofisa. Mahakama ikaamuru wavalishwe tena, kisha ikawatoza faini kwa sababu hawakuzivua. Nilisoma habari hiyo mara mbili, nikaifikiria sauti ya chini ya yule mzee nyuma yangu. Aliniambia mimi peke yangu nisikie, kisha akarudi hatua moja nyuma.

Nyumba za ibada ndizo zilizonichanganya zaidi, maana jambo lile lile hubadilika maana ukivuka mlango. Makanisani mwanamume huvua. Wakristo wengi huutegemeza utaratibu huo kwenye waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11. Nikawa nimeshajifunza hivyo, nikajiona nimehitimu. Rafiki yangu Mwislamu akanialika kwenye ndoa msikitini. Mlangoni nilivua pama yangu kwa kujiamini, nikasimama nayo mkono wa kushoto, ndani kukielekea mwilini, kama nilivyofundishwa. Rafiki yangu akacheka kwa upendo, akaitazama miguu yangu. Hapo kinachovuliwa ni viatu. Kufunika kichwa si lazima kwa mwanamume katika sala, lakini wengi huona kuwa ni heshima, na kofia wanayovaa haina ukingo, kwa hiyo paji la uso hugusa chini bila kizuizi wakati wa kusujudu. Alikuwa na kofia ya pili mfukoni, akanipa, pama yangu ikakaa na viatu.

Kwa Wayahudi mwanamume hufunika kichwa ndani ya sinagogi, na mgeni kwa kawaida hupewa kikofia kidogo mlangoni. Kwa Masingasinga, kwenye gurdwara kila mtu hufunika kichwa, mwanamume na mwanamke, tena kwa kitambaa. Pama na kapelo hazihesabiki kuwa zimetimiza heshima hiyo. Kwa hiyo ukialikwa, muulize aliyekualika siku moja kabla. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Na kilemba cha Singasinga au kikofia cha Myahudi si kofia ya kuvuliwa ofisini wala mezani. Ni sehemu ya dini yake. Usimwombe akivue ukidhani unamfundisha adabu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika.

Miezi mitatu baada ya kukatwa mara ya kwanza nilirudi hospitali, wakanikata tena kidogo pembeni ili kuhakikisha hakuna kilichobaki. Safari hii bandeji ilikuwa kubwa, na jeraha lilikuwa bado linavuja. Jumapili nilikwenda kanisani na kofia laini ya kitambaa juu ya bandeji. Mhudumu wa mlangoni aliniambia nivue, kwa sauti ambayo safu nne za nyuma ziliisikia. Nilijaribu kueleza, akarudia, na nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri kuingia. Nikavua. Bandeji ilikuwa na doa la damu lililokauka, ukubwa wa kifungo cha koti. Mtoto mdogo aliyekuwa amebebwa na mama yake alikiona kichwa changu akaanza kulia. Mhudumu alitazama chini. Nilikaa kiti cha mwisho, nikatoka kabla ya ibada kwisha, na sikurudi kwa wiki tano.

Nilikuwa na hasira naye muda mrefu. Nilipotulia nilikiri kwamba ningeweza kupiga simu siku moja kabla na kusema, "Nina jeraha kichwani, nitakuja nimefunika." Sentensi moja tu ingetosha. Niliwahi kuipiga simu hiyo baadaye, kwa shughuli nyingine, na mpokeaji akasema, "Karibu sana, vaa." Ukiwa mgonjwa, adabu za kofia hazikudai kitu. Lakini mlangoni hawajui kwamba unaumwa, na kumwambia mmoja mapema kunakuokoa kuwaeleza kumi papo hapo.

Katikati ya mambo hayo nilikuwa pia najifunza kuitunza kofia, na hapo nako nililipa. Pama ya felti niliiacha ndani ya gari, juu ya dashibodi, mchana mmoja tu. Joto lilikausha ule utepe wa ngozi ukasinyaa, na kofia ya 58 ikawa kama 57. Ikinyeshewa mvua usiiweke karibu na moto wala usiipulizie hewa ya moto. Toa utepe wa ndani nje, isimame juu ya utepe huo, ikauke yenyewe. Vumbi liondoe kwa brashi laini, ukifuata mwelekeo mmoja. Kwa miezi ya joto nilinunua ya majani iitwayo Panama, ambayo asili yake ni Ecuador, licha ya jina lake. Ufumaji wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2012, na kofia moja iliyo laini sana inaweza kumchukua mfumaji miezi kadhaa. Yangu haikuwa ya daraja hilo, ila iliniuma nilipoikunja ndani ya begi, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba kofia hizi hukunjwa, nikaitoa ikiwa imepasuka pale pale kwenye mkunjo. Majani makavu hayakunjwi.

Na kofia ya mtu usiiguse. Watu wazima wenye akili zao watakunyang'anya kichwani ili wapige nayo picha. New York, mwezi Septemba 1922, vijana waliwapokonya wanaume kofia za majani barabarani na kuzikanyaga, eti tarehe 15 ya mwezi huo ndiyo ilikuwa mwisho wa kuzivaa, na ghasia zikaendelea siku kadhaa. Kwangu haikufika huko. Kwenye sherehe moja binamu yangu aliinyakua, ikazunguka meza tatu, na mimi nikabaki juani kichwa wazi nikitabasamu. Siku hizi naiwahi kwa mkono na kusema, "Hii ni dawa, ndugu yangu, aliniandikia daktari." Wanaiacha mara moja.

Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha nilikuwa mazikoni tena. Nilikuwa nimevua mapema, pama mkononi mwa kushoto, nimesimama upande wenye kivuli. Mbele yangu palikuwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa kofia ya sufu iliyoshuka hadi masikioni, siku ya jua kali. Jeneza likaanza kuja. Hakuvua. Nilimsogelea sikioni, nikamwambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini niliyokuwa nimeipokea: "Msindikize marehemu kichwa wazi, kijana wangu."

Akageuka kunitazama. Hakuwa na nyusi wala kope. Kisha akavua.

Kichwa chake kilikuwa laini, kisicho na unywele hata mmoja, na ngozi ilikuwa na weupe wa kitu kisichopigwa na jua miezi mingi. Mimi, niliyekaa vyumba vya kusubiri vya wagonjwa wa saratani, sikuuona uso ule kabla ya kuiona kofia. Nilimnong'oneza, "Samahani, ivae, ivae tafadhali." Akatikisa kichwa. "Nimeshavua, mzee." Jeneza likapita. Nilisogea nikasimama upande wa jua ili kivuli changu kimwangukie, lakini kivuli cha mtu saa sita mchana ni kifupi sana.

Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata nikamwomba radhi. Nilimwonyesha kovu langu. Alilitazama kwa muda, kisha akaniambia kwamba kila anakokwenda hukutana na mtu mmoja wa kumwambia avue, na kwamba amezoea. Neno lile "nimezoea" ndilo lililonikosesha usingizi. Nilimsimulia habari ya mhudumu wa kanisani na zile wiki tano. Akauliza, "Sasa mzee, wewe ulijua yote hayo, na bado ukaniambia?" Aliuliza kwa upole, akitaka jibu kweli. Nilimjibu kwamba nilikuwa naitazama kofia.

Tangu siku ile simwambii mtu nisiyemjua avue. Anayekuja kuniuliza nitamfundisha kila ninachojua, kama nilivyofundishwa. Mwanangu nitamwambia. Mwenye kusimamia shughuli akitaka niwaambie watu, nitawaambia wote pamoja kabla ya kuanza, na nitaanza kwa kusema kwamba wenye sababu za kiafya wabaki walivyo. Aliyesimama kimya na kofia kichwani namwachia, maana huenda amekwisha kupiga ile simu ya siku moja kabla.

Kabla hatujaachana nilimuuliza kwa nini kofia ya sufu kwenye joto kama lile. Alisema ndiyo pekee iliyokuwa haimkwaruzi ngozi. Nilimwomba tuonane. Jumamosi alikuja nyumbani, nikatoa utepe wa fundi, nikamzungushia kichwani upana wa kidole juu ya masikio, katikati ya paji la uso, juu ya kisogo. 56. Nilimwambia apime tena nywele zikirudi, kwa sababu nywele nazo huongeza. Kisha nikapanda kwenye kiti, nikalishusha lile boksi juu ya kabati. Kwa ndani, juu ya utepe wa ngozi, tulishona kipande cha pamba laini ili usimguse. Aliishika ukingo mbele na nyuma, mikono miwili, akaivaa. Nikajaribu kupitisha kidole kwenye paji lake la uso. Kikapita.